Kochi la Kisasa kwa Lugha ya Ugenini

Jumatatu, 9 Juni

Siku mbaya iliyoisha vizuri. Niandike haraka kabla sijasahau ubaya wake.

Asubuhi nilifungua simu, nikaandika "kochi la kisasa" ili nione dunia imefika wapi. Picha ya kwanza kabisa: kochi la Msumari! Msumari huyuhuyu jirani yangu, karakana yake na yangu zimetenganishwa na ukuta wa mabati. Kochi lile la kijivu lenye mikono minene, ambalo mto wake mmoja umeshonwa kinyume. Picha ya pili, Msumari tena, kochi lilelile kwa nyuma. Picha ya tatu, kochi la fundi wa barabara ya juu aliyemwiga Msumari. Nikasogeza chini. Kochi moja, mafundi chungu nzima. La kwangu halipo. Nikasogeza mpaka zikaanza kutokea picha za mabasi.

Nikaenda ukutani kumwambia Msumari kwamba mtandao una upofu. Akajibu kupitia tundu la bati kwamba mtandao hauna upofu, una macho ya mteja. Fidhuli!

Halafu likaja kubwa zaidi. Mama yake Mshonaji alipita. Niseme wazi, maana shajara haina mdomo: Mshonaji ndiye anayeshona vitambaa vya makochi yangu, cherehani yake iko kwenye kona ya karakana yangu, na mimi nataka kumwoa. Yeye amekubali. Mama ndiye bado. Ni nesi mstaafu, na humtazama kila mtu kana kwamba amechelewa kuja hospitali. Moyoni namwita Mama Mkwe. Mdomoni namwita Mama, tena kwa sauti ndogo.

Akasimama mlangoni. Akatazama kabati langu lisilo na milango. Akatazama stuli yangu ya miguu miwili. Akatazama kitanda nilichokianza mwaka juzi. Akauliza kama ni kweli watu wananiita Bwana Mipango. Nikasema hao ni watu wa wivu. Akasema yeye hana ugomvi na mipango, ila binti yake hataolewa na mtu ambaye hajawahi kumaliza kitu. Kwa hiyo ni hivi: Jumamosi Dada Mkubwa wa Mshonaji anarudi likizo kutoka nchi ya mbali anakofanya kazi, na sebuleni kwa Mama hakuna kochi la maana. Nikifikisha kochi zima, lenye miguu yote, kabla Dada Mkubwa hajaingia, tutazungumza habari za posa. Nisipofikisha, atanunua la Msumari. Akiwa anaondoka akaongeza kwamba Msumari naye hajaoa.

Jasho jembamba!

Lakini afadhali. Jioni Dada Mkubwa alipiga simu na Mshonaji akaongeza sauti nikasikia yote. Alikuwa anacheka makochi ya huku. Eti yote yamevaa sare. Akasema huko aliko, ukiandika neno hilohilo "kochi" kwa lugha yao, zinakuja picha za dunia nyingine kabisa, vitu ambavyo huku havijawahi kuonekana.

Mshonaji alisikia habari. Mimi nilisikia mpango.

Jumanne, 10 Juni

Nimegundua siri ambayo Msumari hataijua mpaka kiyama. Mtandao una nyuso nyingi! Mimi nilidhani kila anayechungulia anaona kitu kimoja. Wapi! Mtandao ni kama shangazi yangu: kila mgeni humwambia kile anachodhani mgeni anataka kusikia.

Nimeingia kwenye mipangilio ya simu, nikabadilisha nchi. Nikabadilisha na lugha. Simu nzima ikageuka maandishi ya huko kwa Dada Mkubwa, yamekaa kama nyayo za kuku aliyepita juu ya saruji mbichi. Sikujua tena pa kubonyeza. Shangazi akapiga. Katika kuhangaika kupokea nikamkatia, nikajipiga picha ya kidevu, ikamfikia. Atanisamehe.

Asubuhi yote nimesafiri bila nauli. Nimetafuta "kiti". Kwa lugha yetu: viti vya plastiki, vyeupe, vimepangwa kama kuna mkutano. Nchi nyingine: viti vya kubembea. Nchi nyingine tena: watu wamekaa sakafuni wanatabasamu, kiti hakuna. Nimetafuta "asubuhi". Kwetu jua na kikombe cha chai. Kwa Dada Mkubwa mtu anakwangua barafu kwenye gari, amekasirika. Nimetafuta "mama mkwe". Kwa lugha yetu: mama aliyependeza anamkumbatia bibi harusi. Kwa lugha ya pili: katuni ya mama ameshika mwiko, si kwa kupika. Kwa lugha ya tatu: mmea wa miiba. Miiba mitupu! Nimefunga haraka, Mshonaji alikuwa nyuma yangu.

Kisha nikaandika "kochi" kwenye programu ya kutafsiri, nikanakili ile michoro ya kuku, nikaibandika kwenye utafutaji. Loo!

Dada Mkubwa hakutia chumvi. Makochi ya mviringo, makochi ya kona, makochi yenye taa. Nikashuka, nikashuka. Huko chini, mahali ambapo mvivu hafiki, nikaliona. La duara, lina ukingo mnene kuzunguka pande zote, ila mbele ukingo umeshuka kidogo kama kizingiti, unaingia bila kuinua mguu. Kitambaa cha rangi ya kahawia, laini hata kwa kutazama. Ubavuni kipete cha chuma, nadhani cha kutundikia mkoba. Sakafuni pembeni yake kuna bakuli, la karanga bila shaka. Na mgongoni limetariziwa ua: petali nne ndogo juu, kitovu kinene chini. Ufundi wa ustaarabu! Hakuna aliyekalia. Kwa uzuri ule, nani athubutu?

Mpango ni huu. Dada Mkubwa anaingia sebuleni, anakuta kochi la nchi anayoishi. Anajiona yuko kwake. Anamwambia mama yake kwamba kijana huyu amefika mbali. Na Msumari hawezi kuliiga kwa sababu simu yake haiwezi kuliona! Simu yake inaona makochi ya Msumari tu.

Mshonaji aliuliza yale maandishi chini ya picha yanasemaje. Nikamwambia maandishi ni mambo ya wauzaji, mimi ni fundi wa picha.

Jumatano, 11 Juni

Picha haina vipimo. Hili watu wa nje ya kazi hawalijui. Mteja analeta picha kwenye simu, kochi ni dogo kama kiganja, anataka ukubwa wake halisi. Sisi mafundi tunafanyaje? Tunatafuta ndani ya picha kitu kinachojulikana. Mlango, kikombe, mtu amekaa. Ukijua kikombe kina ukubwa gani, umejua kochi.

Kwenye picha yangu hakuna mlango. Hakuna mtu. Kuna bakuli peke yake. Nikachukua bakuli langu la kunawia, nikaliweka sakafuni, nikafumba jicho moja, nikachora kwa chaki. Mduara uliotoka ulifika mpaka chini ya cherehani ya Mshonaji. Akainua miguu, akauliza tunajenga kisima? Nikamwambia watu wa huko wana miili mikubwa kwa sababu ya baridi.

Akaomba nimtumie ile picha, apange namna ya kukata kitambaa. Nikamtumia. Baadaye nikamwona ameinamia simu, mabega yanatikisika. Nikamwuliza anaumwa? Akasema ni chafya. Akasema pia kwamba sponji iwe nene zaidi ya pale nilipopanga, ukingo uwe wa kuegemea kichwa, na kizingiti cha mbele kishuke zaidi. Nikamwuliza tangu lini anabuni makochi. Akasema tangu leo. Nimemwachia, mwanamke akichangia anajiona ana sehemu yake.

Kazi imekwenda. Fremu imesimama! Mimi, fremu, siku moja! Mbao zimekubali kupinda baada ya kuzilowesha kwenye pipa, ingawa moja ilichomoka na kupiga ukuta wa mabati. Msumari alipiga kelele upande wa pili. Nikasema pole. Sikuwa na maana hiyo.

Mchana Mama Mkwe alipita njiani. Hakuingia, alisimama tu na mfuko wake wa dawa za nyonga. Nikatupa turubai juu ya fremu. Akasema ameona mduara, akauliza kama ni tangi. Nikamwomba asubiri Jumamosi. Akasema amewahi kuwasubiri madaktari, anajua kusubiri. Afadhali hakuona zaidi.

Alhamisi, 12 Juni

Nimezungukwa na majasusi!

Nimeamka nikakuta tundu la bati limepanuka. Jana lilikuwa la kidole, leo linapitisha jicho. Na jicho lilikuwepo! Nikaweka mpango wa kumpiga chenga. Nikabandika picha ya benchi la bustani mbele ya tundu, nikamwambia Mshonaji kwa sauti kubwa kwamba benchi letu hili litapendeza sana. Msumari akajibu kutoka upande wa pili, akiuliza tangu lini benchi likawa la duara. Nikaziba tundu kwa taulo. Akasukuma taulo kwa ncha ya msumeno. Nikaacha. Acha aone, jicho moja halijui kupima.

Ugomvi mdogo na Mshonaji kuhusu ua. Alikuwa anatarizi mgongoni, akasimama, akasema hili mbona kama unyayo. Nikasema ni ua la baridi. Akauliza linaitwaje. Nikasema majina yao hayatamkiki. Akanitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayepima kitambaa. Kisha akasema sawa, akaendelea kutarizi. Nampenda kwa sababu hii, hana ubishi.

Halafu balaa. Kochi limekamilika, limekamilika kabisa, limevaa kitambaa, na halipiti mlangoni!

Nikakaa chini. Nikaona akilini Msumari anatembea na Mshonaji. Nikaona watoto wao, wote wana mikono minene kama kochi lake la kijivu. Nikainuka, nikakata miguu ya kochi. Halikupita. Nikakata zaidi. Halikupita. Nikashika nyundo nibomoe fremu ya mlango. Mshonaji akasema tulilaze ubavu. Likapita.

Nilikuwa karibu kusema hivyo.

Ila sasa miguu imebaki vishina, na Mama alisema miguu yote! Nimehema kama mgonjwa. Nikafungua picha nihesabu hasara yangu, na hapo moyo ukatulia. Kwenye picha nako miguu ni mifupi! Tena mifupi vilevile, kochi linakaribia kugusa sakafu. Nimekata kwa hofu nikafika penye ukweli. Fundi wa kweli hata makosa yake yana kipimo.

Ijumaa, 13 Juni

Limefika! Limefika! Limefika!

Tumelipeleka kwa mkokoteni, mimi mbele, Mshonaji nyuma, turubai juu. Kwenye kona ya duka la dawa turubai lilipeperuka. Watu wakasimama. Muuza magazeti akauliza kama ni jukwaa la bendi. Mtu mwingine akasema amewahi kuona kitu kama hicho mahali, ila hakumbuki wapi. Nikawaambia ni toleo la nje. Kila mtu akatikisa kichwa kwa heshima, hakuna anayebisha na nje.

Kwa Mama mlango ni mpana, alhamdulillahi, ni nyumba ya zamani. Tukaliweka chini ya dirisha. Mama akalizunguka. Akabonyeza sponji kwa vidole viwili, vile wanavyobonyeza tumbo. Akauliza miguu. Nikamwonyesha. Akasema imechuchumaa. Nikasema ndiyo mtindo. Akauliza kipete. Nikatundika mkoba wake kwenye kipete, ukakaa vizuri. Nikaweka bakuli la karanga sakafuni pembeni kama kwenye picha. Akauliza kwa nini karanga ziwe chini. Nikasema huko wana meza chache. Hakunisadiki lakini akachukua karanga.

Nikangoja akae. Hakukaa mbele yangu. Akasema nimefikisha kabla ya wakati, hilo ameliona, na mengine atayasema Dada Mkubwa akifika, kwa sababu yeye ndiye anayejua vitu vya huko. Nikajipongeza kimoyomoyo. Ndicho nilichopanga!

Nimerudi nikiimba. Msumari alikuwa anapiga randa kwa bidii isiyo ya kawaida. Amenisalimu vizuri. Mtu akishindwa huwa na adabu.

Jumamosi, 14 Juni

Nitaandika kama yalivyokuja.

Nilifika nimevaa shati la kola. Mama alikuwa ndani ya kochi. Sio juu yake. Ndani. Amejikunja ubavu, miguu amepandisha, kichwa kimelala kwenye ukingo, shuka juu. Hakuinuka kunisalimu. Akasema marahaba akiwa amelala. Mshonaji alikuwa jikoni, alinikonyeza, sikuelewa.

Dada Mkubwa akaingia na masanduku. Vilio, kukumbatiana, Mama akajiinua kidogo tu kwenye kochi akambusu. Kisha Dada Mkubwa akarudi nyuma hatua moja. Akaliona kochi. Akatazama ukingo. Akatazama kizingiti. Akatazama kipete, mkoba, bakuli la karanga sakafuni. Akaona ua mgongoni.

Nikanyoosha kola. Nikamwuliza kama linamkumbusha nyumbani kwake.

Akasema linamkumbusha sana. Kisha akaketi juu ya sanduku, akaweka kiganja mdomoni, na machozi yakaanza kumtoka. Nikadhani ni hamu ya kwake. Kumbe kicheko! Alicheka mpaka akakosa sauti. Mama akauliza kulikoni. Dada Mkubwa akatoa simu, akatuonyesha picha. Mwenye nyumba anayempangisha huko ana mbwa. Mbwa mzee, mnene, wa rangi ya maziwa. Na mbwa huyo amelala ndani ya kochi langu! La duara, la kahawia, kizingiti mbele, kipete ubavuni. Dada Mkubwa akafafanua pole pole, kama mwalimu. Huko watu wanawanunulia mbwa samani, ndiyo maana ukitafuta "kochi" picha za watu na za mbwa zinakuja pamoja. Kipete ni cha mnyororo. Bakuli ni la mbwa. Na ua si ua. Ni unyayo wa mbwa.

Nilitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka, nyumba za zamani zina msingi mzuri. Nikawaza mlango wa jikoni. Nikawaza kuzimia, lakini Mama ni nesi, angenigundua. Nikawaza kusema ni kazi ya Msumari. Ndiyo, niliwaza. Nimeandika hapa kwa sababu hapa hapasomwi. Mdomo ukafunguka, na kilichotoka ni kwamba nimelikalia mwenyewe na ni kochi zuri. Basi. Sikuwa na kingine.

Mama akaomba simu. Akaitazama ile picha kwa utulivu, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Akauliza huyo mbwa ana umri gani. Dada Mkubwa akasema ni mzee, nyonga zinamsumbua, makochi ya namna ile huuzwa kwa mbwa wenye maumivu ya nyonga.

Mama akasema basi wanaelewana.

Akasema jana aliketi kujaribu, mara moja tu, na hakutoka mpaka asubuhi. Akasema tangu aanze kuumwa nyonga amekalia viti vya watu wazima wenye heshima, vimemwua. Akasema amehudumia wagonjwa maisha yake yote akiwa amesimama au amekalia benchi la mbao, na kama huko mbwa mzee analala hivi, basi huko mbwa wanaishi vizuri kuliko manesi, na yeye hatoki humu. Akamwambia Dada Mkubwa asithubutu kung'oa ule unyayo. Kisha akanigeukia mimi, bado amelala, akasema Jumapili ijayo nije na mjomba wangu tuzungumze.

Nilitoka nje, nikakaa kwenye ngazi ya mlango, nikalia. Machozi ya kweli. Hakuna aliyeona isipokuwa Mshonaji, na yeye alikuwa ameleta chai.

Jumapili, 15 Juni

Nimelala kama gogo. Nimeamka nikakumbuka, nikacheka peke yangu kitandani, nikalala tena. Kumbe hivi ndivyo walivyo watu waliomaliza kitu.

Mchana Mshonaji alinieleza jambo. Alijua! Alijua tangu Jumatano! Ile picha niliyomtumia aliirudisha kwenye utafutaji, yaani aliiweka picha yenyewe badala ya maneno, na simu yake ikamletea mbwa. Mbwa wa kila aina, wamejikunja ndani ya kochi letu. Ile haikuwa chafya.

Nikauliza kwa hasira kwa nini hakuniambia. Akasema kwa sababu mbili. Kwanza, mama yake hulala amejikunja hivyohivyo kila siku kitandani akihangaika na mito, na alipoona wale mbwa walivyotulia akasema moyoni, kumbe kipo cha kumfaa. Ndipo akaagiza sponji iongezwe na kizingiti kishushwe. Pili, akasema, kama angeniambia siku ile ningeanza mpango mwingine, na Jumamosi ingetukuta na miduara mitatu ya chaki na kochi hakuna.

Nimekasirika mpaka chai ilipopoa. Halafu nikawaza: mpango ulikuwa wa nani? Wangu. Nani aliyebadilisha nchi kwenye simu? Mimi. Yeye ameongeza sponji tu. Nimemsamehe.

Nimempigia mjomba. Amekubali kuja. Ameuliza mara tatu kama nina hakika hawakukosea mtu.

Shangazi naye amepiga, na kumbe amefurahi. Ile picha ya kidevu ameonyesha majirani, wanasema nimenenepa.

Jumatano, 18 Juni

Niliandika "kochi la kisasa" kwa lugha yetu, nione tu. Picha ya kwanza: kochi la duara, kizingiti mbele, kipete ubavuni, unyayo wa mbwa mgongoni. Msumari! Ameliiga kupitia tundu la bati, ameliweka barabarani, amelipiga picha mchana kweupe. Picha ya pili, Msumari. Picha ya tatu, fundi wa barabara ya juu. Ofisi moja imeagiza ya chumba cha kusubiria wageni. Sasa mtu yeyote wa nchi hii akiuliza mtandao kochi la kisasa ni lipi, anaonyeshwa la mbwa.

Nilienda ukutani kupiga kelele. Nikafika, nikaghairi. Nilimwambia tu hongera. Akauliza kwa wasiwasi kama kuna kitu anapaswa kujua kuhusu lile ua. Nikamwambia ni ua la baridi. Oh, nilivyojisikia vizuri! Ashike makochi. Mimi nimeshika mchumba.

Sasa mambo ya mbele. Tumeanza kuzungumza vyombo vya nyumba. Mshonaji anataka tununue kitanda kilicho tayari, cha kawaida, cha mbao, kisicho na historia. Mama naye anashauri hivyohivyo, na Dada Mkubwa amenishika bega akaniambia taratibu kwamba cha kawaida kinatosha kabisa. Wananionea huruma bure. Mimi fundi, nilale kwenye kitanda cha kununua? Ng'o!

Kwa hiyo leo nimebadilisha nchi tena. Nimechagua nyingine, mbali zaidi, maandishi yake yana vikofia juu ya herufi. Nimeandika "kitanda kizuri". Nimeshuka chini, chini kabisa, mahali ambapo mvivu hafiki, na nimekipata. Mshonaji atalia kwa furaha. Kina ghorofa mbili, moja yangu, moja yake. Kina mapazia ya manyoya, ngazi ndogo ya kupandia, nguzo iliyozungushiwa kamba kutoka chini mpaka juu kwa urembo, na kutoka darini kunaning'inia kimpira kwenye uzi, sijui cha nini lakini kinapendeza. Tayari nimelowesha mbao. Tayari nimechora chaki.

Na asije mtu akasema sijifunzi. Safari hii nimezikagua picha zote kwa makini, moja baada ya moja, na naapa hakuna mbwa hata mmoja. Ni paka watupu.